Nusu marathon yenye milima kwa mtu asiyekimbia: kutembea mwanzo mwisho inawezekana au gari la mwisho litanibeba?

#1 Mtembeaji_Tu
Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nimejiandikisha nusu marathon, ile ya kilomita 21, na njia yake imejaa milima. Kwa ramani waliyotutumia jumla ya kupanda ni kama mita 400, na kilima chenyewe hasa kipo kati ya kilomita ya 9 na ya 13, kinapandisha kama mita 220, halafu unashuka mpaka karibu na mwisho. Mimi sio mkimbiaji, sijawahi kuwa na sina mpango huo, goti langu la kulia na kukimbia haviivi chungu kimoja. Ila kutembea natembea sana na natembea kwa kasi. Waandaaji wameweka ukomo masaa matatu na nusu, gari la mwisho likikupita unapanda na medali ndo basi tena.

Hoja yangu ni hii, mnipinge kwa hoja: mtu asiyekimbia kabisa, akijiandaa vizuri, anaweza kutembea mwanzo mwisho na akamaliza ndani ya muda. Kilomita 6 kwa saa mara masaa matatu na nusu ni 21, hesabu imekaa. Sasa jamaa zangu wananiambia milima itanimaliza. Waliopita huko waniambie, kinachommaliza mtu hasa ni kupanda au ni kushuka?

#2 Kaa_Chonjo
Naweka kiti hapa mbele kabisa, na mimi nina namba ya nusu marathon na nitaitembea.

#3 Fundi_Saa
Mkuu hesabu haijakaa. Nusu marathon sio 21, ni kilomita 21.0975. Hizo mita 97 na nusu ukiwa unaenda kilomita 6 kwa saa zinakula karibu dakika nzima, kwa hiyo unamaliza kwa masaa 3 na dakika 31 na gari limeshakupita. Unahitaji wastani wa dakika 9 na sekunde 57 kwa kila kilomita, bila kusimama hata mara moja, bila choo, bila kufunga kamba ya kiatu.

Na kuna kitu watu wa nyuma wanakisahau. Ukomo kwenye mbio nyingi unahesabiwa tangu bunduki ilipolia, sio tangu chipu yako (kile kidude cha kupima muda) ilipovuka mstari. Wewe mtembeaji utajipanga nyuma kabisa, ukivuka mstari dakika mbili tatu zimeshaondoka. Soma kanuni za hiyo mbio yako uone wanahesabu vipi.

#4 Nguvu_Kazi
Samahani wakuu, ila mimi naona kutembea marathon ni kuchukua nafasi ya watu wanaokimbia. Mbio ni mbio. Kama goti halitaki si uende matembezi ya kawaida asubuhi, ujiandikishe kwenye mbio ya nini?

#5 Bi_Raba
Mdogo wangu #4, kama waandaaji wameweka masaa matatu na nusu basi wamemhesabu na mtembeaji, kalipa ada na kapewa namba sawa na wewe. Na kutembea kwa mashindano ni mchezo wa Olimpiki tangu zamani, una kanuni zake: mguu mmoja lazima uwe unagusa ardhi kwa jinsi jicho la mwamuzi linavyoona, na mguu wa mbele unyooke tangu unapogusa chini mpaka uwe wima chini ya mwili. Toshikazu Yamanishi wa Japani alitembea kilomita 20 mwaka 2025 kwa saa 1 dakika 16 na sekunde 10. Kutembea huko! Ni zaidi ya kilomita 15 kwa saa, wengi wanaokimbia hapa hawamuoni hata vumbi. Na kuanzia 2026 World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, wameziondoa zile kilomita 20 na 35, sasa watembeaji wanashindana umbali wa nusu marathon na marathon kamili. Kwa hiyo huyu kijana yupo kwenye umbali wake kabisa.

#6 Nguvu_Kazi
Haya dada, hapo kwenye Olimpiki nimekubali. Ila huyo sio Yamanishi.

#7 Bi_Raba
Na wewe sio Kipchoge, na tunakuacha ukimbie.

#8 Kaa_Chonjo
😂😂 uzi umeanza vizuri

#9 Kigimbi
Mimi nilitembea nusu marathon ya milima na swali la kwenye #1 nalijibu bila kusita: kushuka. Kupanda unahema, jasho linatoka, lakini mwili unakuambia ukweli, ukichoka unapunguza mwendo na maisha yanaendelea. Kushuka hakukuambii kitu. Nilipofika juu nilijisikia mzima kabisa nikaachia miguu, nikawa napita watu, watu wananishangilia, nikaona leo ni leo. Kilomita kama tatu kabla ya mwisho njia ikawa tambarare, mapaja ya mbele yakagoma. Sio maumivu makali, ni kama hayapo, unaagiza mguu unyanyuke unanyanyuka nusu. Kesho yake ndo usiseme, kushuka ngazi nilikuwa nashika ukuta kwa mikono miwili.

#10 Mpandaji
Kigimbi nakuheshimu ila hapo napinga. Muda unapotelea kwenye kupanda. Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima, ya William Naismith wa Scotland, aliiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila maili 3, ambayo ni karibu kilomita 5, halafu unaongeza saa moja kwa kila futi 2000 za kupanda, kama mita 600. Sasa weka mita 400 za huyu bwana, ni dakika 40 za ziada juu ya masaa 4 na dakika 13. Jumla karibu masaa matano kasoro dakika chache. Gari la mwisho limeshafika limeegeshwa dereva kalala. Kanuni hiyo haitaji kabisa dakika za kushuka, tatizo ni kupanda.

#11 Fundi_Saa
Mpandaji hiyo kanuni ni ya mtu anayetembea mlimani, ardhi ya mawe na majani, na ni ya kupangia safari ya siku nzima ili usikutwe na giza. Huyu anatembea lami, hana mzigo na anatembea haraka. Ila upo sahihi kwamba kupanda kunakula muda kuliko watu wanavyodhani, na ngoja niwaonyeshe kwa nini, maana kuna wanaosema utakachopoteza kupanda utakirudisha kushuka. Hakirudi chote. Chukua kilomita moja ya kupanda kwa kasi ya 4 kwa saa na moja ya kushuka kwa 8 kwa saa. Ukiwaza haraka haraka wastani ni 6. Sasa hesabu dakika: kupanda 15, kushuka 7 na nusu, jumla 22 na nusu kwa kilomita mbili. Hiyo ni kilomita 5.3 kwa saa, sio 6. Kwa sababu kule polepole unakaa muda mrefu zaidi. Ukipunguza tofauti, ukapanda kwa 5 na ukashuka kwa 7, kilomita mbili zinachukua dakika 20 na sekunde 34, yaani umepoteza sekunde 34 tu. Kwa hiyo anayetaka kuokoa muda asiporomoke kule juu, ajitahidi mwendo wa kupanda na wa kushuka visipishane sana.

#12 Kigimbi
Sasa Fundi_Saa si umeniunga mkono? Unasema asishuke mbio sana.

#13 Mpandaji
Kaniunga mkono mimi, kasema asipoteze kule juu.

#14 Fundi_Saa
Sijamuunga mtu, nimepiga hesabu.

#15 Fizio_wa_Zamu
Salama wote. Nafanya kazi ya kurudisha viungo vya watu kwenye mstari, niseme kidogo kuhusu alichokisema Kigimbi maana maelezo yake ni sahihi ila sababu hajaitaja.

Ukipanda, msuli wa paja unajikunja huku unafanya kazi. Ukishuka unafanya kazi huku unarefushwa, kila hatua paja la mbele linashika breki uzito wote wa mwili usiporomoke. Kazi ya namna hii haitumii nguvu nyingi, ndo maana mapafu hayalalamiki na unajiona mzima, lakini inachana nyuzi ndogo ndogo za msuli kuliko kazi ya kupanda. Nguvu ya msuli inaanza kushuka hapo hapo, maumivu yenyewe yanakuja baadaye, mara nyingi yanafika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Na wale wanaosema ni asidi ya laktiki imeganda miguuni, hapana. Asidi hiyo inaondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika, haiwezi kuwa ndo inayokuuma keshokutwa.

Habari njema ni kwamba msuli unajifunza haraka mno. Zoezi moja la kushuka, hata la wastani, linaukinga msuli kwa wiki kadhaa, ukirudia zoezi lile lile uharibifu unakuwa mdogo sana. Kwa hiyo mtu wa #1 ukifanya mazoezi yote kwenye njia tambarare ukaenda kushuka kilomita 7 siku ya tukio, umejipeleka mwenyewe. Tafuta mteremko, anza mfupi, ongeza taratibu, na wiki mbili za mwisho usifanye mteremko mkali kabisa.

#16 Mzee_wa_Utepe
Fizio umefundisha vizuri. Ila wadogo zangu mimi nimeshuhudia watu wengi wakifia kilomita ya 17 kwenye mbio ambazo hazina hata kilima kimoja, kwa hiyo sio kila kitu ni mteremko. Wengi tatizo ni kilomita tatu za mwanzo. Watu wote wanakimbia, muziki unapigwa, mtembeaji naye anatembea mwendo ambao hajawahi kuutembea maishani kwa sababu haoni vizuri kuwa wa mwisho. Yule anayelipa kilomita ya 17 alikopa kilomita ya 2. Kuwa wa mwisho hapo mwanzoni ni sawa kabisa, kaa na kasi yako uliyofanyia mazoezi.

#17 Tumbo_Joto
Mzee shikamoo. Naongeza sababu ya tatu, chakula. Mkimbiaji mzuri anamaliza saa moja na nusu, akiba ya sukari ya mwilini inamtosha bila kula chochote. Huyu atakaa barabarani masaa matatu na nusu, ukijumlisha kuamka alfajiri na kusimama mstarini ni kama masaa sita tangu ale. Halafu meza za njiani zimepangwa kwa ajili ya wakimbiaji, wa nyuma wakifika wanakuta maganda. Beba vyako mfukoni, kitu chenye wanga ambacho tumbo lako limeshakizoea kwenye mazoezi, anza kula kidogo kidogo kabla hujasikia njaa. Mimi nilipoanza kula kwenye saa ya kwanza badala ya kusubiri nichoke, miguu ilibadilika, na njia ilikuwa ile ile na mteremko ule ule.

#18 Mzee_wa_Utepe
Marahaba. Kubeba cha kwako nakubali.

#19 Mwanamaji
Na maji wakuu! Kunywa kila meza, usikose hata moja, kunywa mpaka ushibe, milima inakausha.

#20 Fizio_wa_Zamu
Mwanamaji hapana, hapo naomba tusomane vizuri kwa sababu ushauri huo unaweza kumuumiza mtu. Wa polepole ndo wapo kwenye hatari ya maji kuzidi. Anapita meza nyingi, ana muda wa kusimama na kunywa, jasho lake ni dogo kuliko la mkimbiaji wa mbele. Maji yakizidi sodiamu (chumvi) ya kwenye damu inashuka, kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, na watu wamewahi kufa. Kuna utafiti ulifanywa kwa wakimbiaji wa Boston Marathon ya 2002 na ukachapishwa 2005, walipimwa damu wakimbiaji 488 mwishoni, asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa chini ya kiwango, na waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani na waliotumia zaidi ya masaa manne. Yaani mtu kamaliza marathon ana uzito mkubwa kuliko alioanza nao. Kunywa ukiwa na kiu, basi.

#21 Mwanamaji
Aisee hili nilikuwa silijui kabisa, nilifundishwa ukisubiri kiu umechelewa. Shukrani.

#22 Kaa_Chonjo
Jina lako lenyewe Mwanamaji, tungetegemea nini 😂

Swali la pembeni jamani. Hiyo 21.0975 imetoka wapi? Si wangeweka 21 au 20 watu wapumzike. Nimesikia ni nusu ya umbali aliokimbia yule mjumbe wa Ugiriki kupeleka habari Athens.

#23 Bi_Raba
Sio ya Ugiriki. Olimpiki ya kwanza ya kisasa mwaka 1896 walikimbia kama kilomita 40, na kwa miaka kadhaa kila mashindano yalikuwa na urefu wake. Hii ya 42.195 ni ya Olimpiki ya London 1908, wakaanzia Windsor na kuishia mbele ya sehemu aliyokaa familia ya kifalme uwanjani. Shirikisho la riadha likaja kuuchukua kuwa umbali rasmi mwaka 1921. Gawa kwa mbili, ndo hiyo 21.0975.

#24 Fundi_Saa
Na hizo mita 97 na nusu ndo zinamnyima mwenzetu medali. Turudi kwenye mada.

#25 Hatua_Kwa_Hatua
Mada yenyewe mbona ina jibu rahisi. Mkuu #1 usitembee yote, changanya. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich 1972, ndo aliyewafundisha watu wengi mtindo wa kukimbia kidogo kutembea kidogo, kwa mpangilio tangu kilomita ya kwanza na sio baada ya kuchoka. Mimi kwa mtindo huo napanda kwa kutembea na kushuka kwa mbio ndogo ndogo. Na kuna sababu ya mwili: ukitembea ukafika kama kilomita 7 kwa saa, kuendelea kutembea kunakuwa kugumu kuliko kukimbia taratibu, mwili wenyewe unataka kubadilisha. Kushuka mlima ukitembea kwa 7 na zaidi unajitesa bure, miguu inataka kukimbia unaizuia.

#26 Mpandaji
Na kinyume chake kwenye kupanda, mwinuko ukiwa mkali sana kutembea ni nafuu kuliko kukimbia. Wakimbiaji wa milimani, wale wa ukweli, utawaona wanatembea mikono imesukuma mapaja. Hakuna wa kumcheka mtembeaji kilimani, mnakuwa mnatembea wote.

#27 Mtembeaji_Tu
Wakuu nimesoma yote, asanteni sana, Fundi_Saa hesabu nimeipokea. Hatua_Kwa_Hatua nimekuelewa ila goti langu ndo lililonifanya niandike huu uzi. Mtaalamu aliyeliona aliniambia tembea kadri utakavyo, kukimbia kwenye mteremko hapana. Na zaidi ya goti, nataka kuitembea. Napenda kutembea, nataka nifike mwisho nikiwa nimetembea kila mita, sitaki kuifanya iwe mbio mbovu. Kasi yangu ya sasa kwenye tambarare kwa masaa mawili ni dakika 9 na nusu kwa kilomita, hiyo naimudu. Kwenye kilima sijajipima. Na nikienda kasi ya dakika 9 kuna maumivu yanakuja mbele ya mguu, kwenye muundi, yanawaka moto kabisa. Hiyo ni nini?

#28 Fizio_wa_Zamu
Muundi ni kawaida kwa watembea haraka. Kuna msuli mbele ya mguu unaonyanyua vidole kila hatua ili usijikwae, kisha unaushusha mguu taratibu kisigino kikigusa chini. Ukitembea kwa kasi kubwa unafanya kazi hiyo mara nyingi na kwa nguvu. Mara nyingi kosa ni kurefusha hatua, mtu akitaka kasi anarusha mguu mbele sana. Fanya kinyume, fupisha hatua, ongeza idadi, mguu utue karibu na mwili. Ikiwa unauma sehemu moja ya mfupa ukiibonyeza, au unauma hata ukiwa umepumzika, hapo acha mazoezi nenda ukaonwe.

#29 Bi_Raba
Na mikono. Mwanangu mikono ndo injini ya mtembeaji. Kunja kiwiko kama pembe ya mraba, mkono urudi nyuma mpaka ngumi ifike kwenye nyonga, usiupeleke mbele kupita kifua. Mikono ikienda haraka miguu haina namna, inafuata. Mtu akitembea mikono imenyooka inaning'inia hawezi kufikia dakika 9 hata afanyeje, na vidole vinavimba vinakuwa vinene.

#30 Kucha_Nyeusi
Mimi mnipe nafasi niongelee viatu maana hamjagusa kabisa na naona ndo chanzo cha nusu ya matatizo. Kushuka kilomita 7, mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, kidole gumba kinagonga ukuta wa mbele kila hatua. Kidogo kidogo damu inavilia chini ya kucha, inakuwa nyeusi, baadaye inang'oka. Watu wanasema nunua kubwa zaidi. Ndio, iwe na nafasi ya upana wa kidole mbele, miguu inavimba ukitembea muda mrefu, lakini kiatu kikubwa kisichofungwa vizuri kinateleza zaidi.

Dawa ni kamba. Angalia raba yako, juu kabisa pembeni kuna tundu la ziada ambalo watu wengi hawalitumii. Ukishafika tundu la kabla ya hilo usivushe kamba upande wa pili. Ipandishe juu upande ule ule, iingize kwenye tundu la ziada kutokea nje kwenda ndani, usiivute yote, acha kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa kamba ya kushoto ipitishe kwenye kitanzi cha kulia na ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto, vuta kuelekea chini, utaona kifundo cha mguu kinakamatwa na kisigino kinakaa kwenye nyumba yake. Funga fundo la kawaida. Kaa mwisho wa ngazi, simama vidole vikielekea chini, kidole kikigusa mbele fungua rudia. Kwenye kupanda unaweza kulegeza kidogo, ukifika kileleni simama nusu dakika kaza. Hiyo nusu dakika usiionee uchungu.

#31 Fundi_Saa
Nusu dakika anayo kama akipanga vizuri, naandaa mpango nitauweka.

#32 Kucha_Nyeusi
Na soksi zisiwe za pamba, pamba ikilowa inabaki imelowa na ngozi iliyolowa ndo inayotoa malengelenge. Mafuta ya mgando kati ya vidole, kwapani, na katikati ya mapaja. Masaa matatu na nusu ya kusuguana sio mchezo. Na kucha zikate siku kadhaa kabla, sio asubuhi ya siku hiyo.

#33 Nguvu_Kazi
Nimekaa kimya najifunza. Swali: kwa nini asitumie fimbo mbili zile za kutembelea? Baba mmoja ninayemfahamu goti lake lilikuwa bovu, akatumia fimbo kwenye miteremko akawa anashuka vizuri.

#34 Fizio_wa_Zamu
Fimbo zinapunguza mzigo wa goti kwenye kushuka, hilo ni kweli.

#35 Mzee_wa_Utepe
Lakini mbio nyingi za barabarani zinakataza, watu wamebanana, unamchoma mwenzio mguu. Aulize waandaaji kabla, asije akanyang'anywa mstarini.

#36 Lami_Mbovu
Hakuna aliyetaja mshazari wa barabara. Barabara inainama pembeni ili maji yatoke, ukitembea pembeni upande mmoja masaa matatu mguu mmoja upo juu mwingine chini, nyonga na goti la upande mmoja vinaumia kuliko kingine. Mimi nilidhani ni mteremko, nikaja kugundua mguu unaouma ni mmoja tu, wa upande wa nje. Kama ingekuwa mteremko si ingeuma yote? Barabara ikifungwa tembea katikati.

#37 Kigimbi
Mimi yaliuma yote mawili. Kwangu ni mteremko.

#38 Tumbo_Joto
Na Kigimbi ulikula nini njiani siku ile?

#39 Kigimbi
Sikula kitu, maji tu.

#40 Tumbo_Joto
Ahaaa.

#41 Kigimbi
Tumbo_Joto njaa haikufanyi ushindwe kushuka ngazi kesho yake, acha hizo 😂 Hata kama njaa ilikuwepo haikuwa peke yake.

#42 Mzee_wa_Utepe
Na ulisema ulikuwa unapita watu unashangiliwa. Kasi ulikuwa unaijua?

#43 Kigimbi
Sasa mmenigeuza mgonjwa wa zamu 😂 Haya chagueni, mteremko, njaa, kasi. Nabaki kwenye mteremko.

#44 Fundi_Saa
Mpango huu hapa kwa ajili ya Mtembeaji_Tu, nimetumia takwimu zake mwenyewe. Kilomita 9 za kwanza kwa dakika 9:40, jumla saa 1:27. Kilima cha kilomita 4 kwa dakika 11:15, hiyo ni dakika 45. Kushuka kilomita 7 kwa 9:10, saa 1:04 na sekunde 10. Kipande cha mwisho cha 1.0975 kwa 9:45, dakika 10 na sekunde 42. Jumla masaa 3 dakika 26 na sekunde 52. Una dakika tatu mkononi, mbili ukiziacha mstarini wakati wa kuanza, unabaki na moja hivi, na ndani yake ipo ile nusu dakika ya Kucha_Nyeusi.

#45 Mpandaji
Kilima kinapandisha mita 220 kwa kilomita 4, huo ni mwinuko wa asilimia 5 na nusu. 11:15 kwa mtu ambaye hajajipima hapo? Weka 12. Akienda 12 amepoteza dakika tatu na mpango umekufa. Ndo maana nasema tangu #10 aende kufanya mazoezi ya kupanda, kila wiki, mpaka 11 iwe ya kawaida.

#46 Kigimbi
Na mimi hiyo 9:10 ya kushuka ndo siipendi. Kilomita saba mfululizo kwa kasi inayozidi ya kwenye tambarare, na goti hilo. Mpe 9:30, akifika chini awe na miguu.

#47 Bi_Raba
Mkimpa 12 kule juu na 9:30 kule chini basi dakika tano zitoke wapi? Nyingi zitoke mwanzoni, atembee 9:15 zile kilomita 9.

#48 Mzee_wa_Utepe
Hapana hapana, hilo ndo nimelikataza #16.

#49 Mtembeaji_Tu
Jumamosi naenda kwenye kilima chenyewe, nitaanza kutembea tambarare kwanza ili nifike pale nimechoka kama siku yenyewe, halafu nipande na kushuka chote na saa mkononi. Fizio, hiyo Jumamosi inaniachia wiki tano kabla ya tukio, kushuka kilomita zote 7 kwa mara ya kwanza ni sawa au nianze na pungufu?

#50 Fizio_wa_Zamu
Anza na mbili, nyingine shuka kwa gari. Wiki inayofuata nne. Goti likivimba jioni yake usiongeze.

#51 Kaa_Chonjo
Mtembeaji_Tu ni kilima kipi, niambie inbox nije tupande wote. Mimi natembea 9:50.

#52 Fundi_Saa
Kaa_Chonjo 9:50 kwenye tambarare?

#53 Kaa_Chonjo
Ndio, tambarare.

#54 Fundi_Saa
Njoo inbox na wewe, tupige hesabu yako.